Kibebeo gani cha mtoto kinamfaa mama mfupi mwenye mwili mdogo?

Mwalimu wa Mlimani

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Nina urefu wa sentimita 149 na uzito wa kilo 44, na mtoto wangu wa kiume ametimiza miezi mitano akiwa na kilo 7.4 kwa mujibu wa kadi ya kliniki ya wiki iliyopita. Wanaoufahamu mji huu watanielewa nikisema kwamba nyumba yetu iko juu kwenye miamba ya Mabatini, mahali ambapo gari haliwezi kufika na bodaboda huishia chini, kwa hiyo kila asubuhi ninashuka na mtoto hadi kwa dada yangu anayenilelea, na kila jioni ninapanda naye nikiwa nimeshika begi la madaftari.

Wifi yangu anayeishi nje ya nchi alinitumia kibebeo cha klipu, kile chenye mkanda mpana wa kiunoni na mikanda miwili ya mabegani iliyojazwa sponji. Ni kizuri kukitazama, na kampuni yake sitaitaja kwa sababu huenda kasoro ni ya mwili wangu na si ya kibebeo. Mkanda wa kiunoni nimeuvuta hadi ukafika mwisho na bado unacheza, na baada ya hatua hamsini hivi huteremka hadi kwenye nyonga, mtoto akateremka pamoja nao. Mikanda ya mabegani ni mipana kuliko mabega yenyewe, inateleza pembeni, nami natembea nimeyapandisha mabega kama mtu anayesikia baridi. Nikimpandisha mtoto kifuani, utosi wake unafika puani kwangu. Nikimlegeza, magoti yangu yanagonga miguu yake kwenye kila ngazi ya mawe, na ngazi yenyewe siioni. Ikifika jioni kiuno kinauma, hasa upande wa kulia.

Mama mkwe ananiambia niachane na mikanda hiyo nitumie kanga kama wenzangu. Nimejaribu, lakini nikiifunga kifuani maziwa yananivuja, na nikifika nusu ya mlima mtoto amekwisha kushuka kiunoni. Je, kuna kibebeo kilichotengenezwa kwa mtu wa umbo langu, au nilicho nacho kinaweza kurekebishwa, au nishonewe? Sihitaji kitu cha gharama. Ninahitaji kufika nyumbani bila kusimama mara nne njiani.

Mama wa Watatu

Pole sana mwalimu. Mimi nina sentimita 151, nimebeba watoto watatu hapa Arusha, na ninayoyasema nimeyajua baada ya kununua vibebeo viwili nisivyovitumia.

Vibebeo vya klipu huuzwa kwa kipimo cha mtoto. Utaona vimeandikwa kuanzia kilo 3.2 au 3.5 hadi kilo 15 au 20, lakini ni vichache sana vinavyoeleza mbebaji awe na mwili wa namna gani. Kwa sisi wadogo, vipimo vinavyoamua kila kitu ni viwili: mzunguko mdogo kabisa ambao mkanda wa kiunoni unaweza kubana, na urefu wa mwili wa kibebeo, yaani kile kipande kinachoufunika mgongo wa mtoto. Chukua futi ya fundi, ujipime mzunguko wa kiuno juu kidogo ya kitovu, kisha upime kutoka hapo hadi kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Mimi nilipata 63 na 34. Kibebeo changu cha kwanza kilikuwa na mwili wa sentimita 46, na zile 12 zilizozidi hazikuwa na pa kwenda ila usoni kwangu au mapajani. Naona ndicho kinachokusibu wewe pia, kwa hiyo usiulaumu mwili.

Kabla hujatumia fedha, jaribu mambo haya kwa kibebeo ulicho nacho. Mkanda wa kiunoni usiuvae kwenye nyonga. Uvae pale kiuno kinapokuwa chembamba zaidi, kisha kabla ya kumpakata mtoto uukunje mara moja kuelekea tumboni, kama unavyokunja pindo la kikoi ili kisidondoke. Mkunjo huo mmoja unaondoa takriban upana mzima wa mkanda kwenye urefu wa kibebeo, na utosi wa mtoto utashuka hadi kidevuni. Kama bado kiuno kinacheza, weka kanga iliyokunjwa bapa kati ya mkanda na mwili wako, ingawa hiyo ni nafuu ya muda tu. Kisha angalia kama mikanda ya mabegani inachomoka kwenye mwili wa kibebeo. Ikichomoka, ipishanishe mgongoni ifanye msalaba, maana mikanda iliyonyooka kama ya begi la shule hudai mabega mapana, lakini iliyopishana hukaa karibu na shingo na haina njia ya kuteleza. Kama haichomoki, basi kile kimkanda kifupi cha kuunganisha mabega kivutwe karibu na kiteremshwe hadi usawa wa makwapa. Wengi hukiacha juu shingoni ambako hakifanyi kazi yoyote.

Mtoto akianza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa, mhamishie mgongoni. Kwa mlima wako sioni njia nyingine, kwa sababu mtu mfupi akibeba mbele haoni anapokanyaga.

Baba Mrefu

Mke wangu ana sentimita 150 na mimi nina 183, na tunatumia kibebeo kimoja. Ugomvi wa nyumba yetu ulikuwa kwamba kila nikikirudisha, yeye huanza upya kuvuta mikanda mitano huku mtoto analia. Suluhisho lilikuwa sindano na uzi: pale mkanda unapoishia kwenye klipu akiwa ameuvaa yeye, tulishona alama ya uzi mwekundu, na kwangu alama ya uzi wa bluu. Sasa ni kuvuta hadi kwenye rangi yako basi. Kama mume wako naye humbeba mtoto, na ninatumaini humbeba, fanyeni hivyo.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Nitazungumzia upande wa mtoto, kwa sababu mbebaji mwenye mwili mdogo akielemewa hushawishika kulegeza ili apate nafuu, na hatari hutokea hapo. Mtoto aliyefungwa kwa ulegevu hujikunja, kidevu kikamwangukia kifuani, na njia yake ya hewa ambayo bado ni nyembamba huzibika bila kelele yoyote. Mwezi Machi 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya mfuko unaoning'inia begani, baada ya kuhesabu vifo visivyopungua 14 katika muda wa miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Wako amevuka umri huo, lakini ukaguzi ni uleule: uso wake uuone wakati wote, nafasi ya vidole viwili ibaki kati ya kidevu na kifua chake, mgongo wake uwe umeegemezwa, na uweze kumbusu utosini kwa kuinamisha kichwa kidogo tu. Kipimo cha busu kinakufaa hasa wewe. Ukilazimika kuinua kidevu ili upumue, mtoto yuko juu mno. Ukilazimika kuikunja shingo yote ili umfikie, yuko chini mno, na kiuno chako kitalipa.

La pili ni nyonga. Wodini tunapowafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao kwa njia ya kangaruu, utaratibu ulioanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, tunamweka mtoto wima, miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura. Hata mtoto mkubwa anahitaji mkao wa namna hiyo: makalio chini, magoti juu kidogo ya makalio, na mapaja yameshikiliwa hadi nyuma ya magoti, kiasi kwamba ukimtazama kwa nyuma anachora herufi M. Miguu inayoning'inia wima kama ya askari inaweza kuisukuma nyonga nje ya mahali pake, tena inamfanya mtoto awe mzito zaidi kwa mbebaji, kwa sababu uzito wote unaning'inia mbali na mwili wako. Ila angalieni pia upana uliozidi. Kibebeo ambacho sehemu yake ya chini ni pana kuliko kutoka goti moja la mtoto hadi la pili kinampanua kwa nguvu, naye atakikataa kwa kulia.

Mwalimu, umesema maumivu yako upande wa kulia. Begi la madaftari unalishika mkono gani? Kama ni wa kulia, basi kibebeo kinabebeshwa lawama isiyo yake yote. Wape wanafunzi wakusaidie kubeba madaftari hadi kituoni, au uyagawe katika mikono miwili. Maumivu yakianza kushuka mguuni, au ukiona mkojo unakuponyoka unapopanda, njoo kliniki usingoje. Kama ulijifungua kwa upasuaji, mkanda wa kiunoni usikalie kovu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuvaa juu. Na kwa kuwa umetaja bodaboda: kibebeo chochote, cha klipu au cha nguo, si kinga barabarani. Tembea.

Bibi wa Pangani

Mwalimu, mwanangu, mama mkwe wako amekwambia neno la haki, ila hakukuonyesha, na mbeleko haifundishwi kwa maneno matupu. Nitajaribu hata hivyo.

Kanga uliyotumia ilikuwa mpya, au siyo? Kanga mpya ina wanga, huteleza kama karatasi. Ifue mara tatu, uianike, ndipo umbebee mtoto. Zile za poliyesta zinazong'aa usizisogelee. Sasa sikiliza jambo ambalo hawa wenye mikanda hawalijui: kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110, na kipimo hicho hakibadiliki kwa mnene wala mwembamba. Mwanamke mwenye kifua kipana akishamzungushia mtoto, ncha humwishia na fundo likawa dogo kama punje ya hindi. Wewe utabaki na ncha ndefu za kufunga mara mbili na kuzichomeka. Nguo hii imekupendelea wewe.

Inama hadi mgongo uwe kama meza. Mtoto alale juu yako, kichwa kati ya mabega yako. Kosa la wasichana wengi ni kuanzia chini, karibu na kiuno, halafu wanashangaa mtoto akifika kwenye makalio. Aliyeanzia juu akishuka vidole vitatu bado yuko mahali pake. Tandaza kanga juu yake, upindo wa juu umfikie chini ya masikio. Ncha moja ipite juu ya bega lako, ya pili ipite chini ya kwapa la upande mwingine, zikutane mbele pale kwenye mfupa ulio chini ya bega. Fundo likae hapo, lisikae juu ya ziwa, na hutavuja. Kabla hujalikaza jitikise mara mbili ili mtoto ajikalishe, kisha uvute upindo wa chini peke yake. Upindo wa chini ndio unaobeba; wa juu kazi yake ni kuzuia tu, na wengi wanakaza wa juu hadi wanakosa pumzi huku wa chini umelegea kama wavu. Huo wa chini uchomeke chini ya makalio ya mtoto, kati yake na wewe, ufike kwenye magoti yake. Hapo herufi ya bibi mkunga utaiona.

Doti ina kanga mbili. Kwa mlima, ya pili ikunje upana wa shubiri mbili, uipitishe chini ya makalio ya mtoto kwa nje, uifunge mbele chini ya matiti. Hiyo humzuia asishuke hata ukipanda minazi. Na kila siku badilisha bega. Ukishuka kwa la kulia, panda kwa la kushoto.

Sisi tulibeba hivyo tangu mtoto alipotoka arobaini, na mama aliyebeba hakusahauliwa: hata binti akiolewa, huku kwetu pwani limo fungu la mama liitwalo ubeleko, kwa sababu ya mgongo huo.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Shikamoo bibi. Maelezo yako ya upindo wa chini nitayapeleka kliniki, maana akina mama wadogo wengi wanapotelea hapo. Nitaomba radhi kwa jambo moja tu, nalo ni arobaini. Mtoto wa siku arobaini shingo yake haijakaza, na akiwa mgongoni mama hamwoni uso. Mama mzoefu kama wewe huhisi pumzi ya mtoto mgongoni kwake, lakini mama wa mara ya kwanza, aliyechoka, asiye na bibi nyumbani, hana hisia hiyo bado. Kwa hiyo ninawashauri wabebe kifuani hadi mtoto aimudu shingo yake, kwa kawaida karibu na miezi minne, ndipo wahamie mgongoni.

Bibi wa Pangani

Marahaba mwanangu. Sikatai. Zamani nyumba haikukosa mtu wa kumtazama mtoto kwa nyuma.

Msomaji wa Nairobi

Nichangie kidogo, kwa kuwa watu wanapambanisha kibebeo cha dukani na mbeleko kana kwamba ni koo mbili tofauti. Mapema katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo akiwa mfanyakazi wa kujitolea, akawaona akina mama wa huko wakiwabeba watoto kwa kitambaa. Alipozaa mtoto wake nyumbani alijaribu kufanya vivyo hivyo, mtoto akawa anateleza, ndipo mama yake mzazi akamshonea kitu chenye mikanda. Hataza ilipatikana mwaka 1969 na kibebeo kikaitwa Snugli. Mwaka 1973 kampuni ya Uswidi ya BabyBjörn nayo ilitoa chake cha kwanza. Kwa maneno mengine, yule mama aliteleza palepale alipoteleza mwalimu wetu, akaitafutia dawa ya mikanda, na mikanda ikaja na vipimo. Kitambaa hakina saizi. Nyanya yangu alitubeba kwa kile Wakikuyu wanachokiita ngoi, na yeye alikuwa mfupi kuliko nyote mliojitaja hapa.

Fundi wa Cherehani

Mwalimu ameuliza kama ashonewe, na hakuna aliyemjibu. Jibu langu ni ndiyo, na tena kwa umbo lako ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa sababu utapata mikanda ya kibebeo na uhuru wa kanga kwa pamoja. Kinachoshonwa ni kibebeo cha kufunga, kisicho na klipu hata moja: mwili wa mstatili, mikanda miwili mifupi ya kiunoni na miwili mirefu ya mabegani, vyote vinafungwa kwa fundo. Mafundo hayana kipimo cha chini wala cha juu, hivyo lile tatizo la mkanda kufika mwisho linakufa lenyewe.

Nunua drili ya pamba, kile kitambaa kigumu cha suruali za kazi, kwa ndani na kitenge unachokipenda kwa nje. Kitenge peke yake ni chepesi mno kwa kazi hii, na jinzi nzito itawapikeni nyote wawili. Kwa mtoto wa kilo 7 na mama wa sentimita 149 mimi ningekata mwili wenye urefu wa sentimita 38 na upana wa 34 kwa juu, huku chini nikiuacha 30, lakini mpime mtoto wako goti hadi goti akiwa amekunja miguu, kwa sababu kipimo chake ndicho kitakachotawala upana huo wa chini. Mkanda wa kiunoni usizidi upana wa sentimita 8. Hivi vya dukani vina 12 au zaidi, na kwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi mkanda wa namna hiyo unachoma mbavu kwa juu na mapaja kwa chini akikaa. Mikanda ya mabegani iwe na upana wa sentimita 7, urefu wa 180 kila mmoja, na sponji ya sentimita 1 kwa zile 40 za mwanzo tu. Sponji nene humpa mtu mdogo mabega ya bandia ambayo yanateleza.

Sasa sikilizeni pale ambapo mafundi wengi wanakosea. Mkanda haushonwi juu ya ukingo wa mwili kama mpini wa mfuko wa sokoni. Unaingizwa ndani, kati ya drili na kitenge, sentimita 6 kamili, kisha unashonwa kisanduku chenye msalaba ndani yake, na kisanduku hicho kinarudiwa mara tatu kwa uzi wa poliyesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa jasho. Simama mbele ya fundi wakati anashona sehemu hiyo. Fundi akikasirika, mwambie ni mtoto, siyo mto wa kochi.

Kabla mtoto hajaingia, jaribu. Mimi hufunga mikanda ya juu na ya chini kwenye boriti, kisha naweka ndani ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20 na ushei, naiacha usiku kucha. Asubuhi ninavuta kila mshono na kuutazama kwenye mwanga. Tundu za sindano zikiwa zimepanuka na kuonyesha mwanga, ninafumua na kuanza upya.

Wanaonunua vya mtumba nao wazikague klipu namna hiyo. Plastiki iliyokaa juani hupauka na kufanya nyufa ndogo kama nywele karibu na meno ya klipu. Ibonye mara ishirini, na ikikosa kulia hata mara moja tu, kibebeo kiache hapo hapo hata kama ni bei ya kutupa. Na kile cha wifi yako usikikate mkanda wa kiunoni ili kuufupisha. Mishono ile ndiyo inayobeba uzito.

Mama wa Watatu

Fundi, swali la pembeni: mikanda ya mabegani ya kibebeo cha kufunga nayo inapishana mgongoni?

Fundi wa Cherehani

Ndiyo. Ukibeba mbele, inapishana mgongoni kwako, inarudi mbele juu ya mapaja ya mtoto, inapishana chini ya makalio yake, kisha inafungwa nyuma. Ukibeba mgongoni, unaweza kuipitisha kama begi au kuipishanisha kifuani. Mwenye kunyonyesha na aipitishe kama begi, maana msalaba utakandamiza maziwa.

Mwalimu wa Mlimani

Ndugu zangu, ninarudi baada ya wiki tatu, na ninawashukuru kwa dhati kila mmoja wenu. Bibi, shikamoo.

Nilianza na mkunjo wa mkanda siku ileile. Utosi ulishuka hadi chini ya kidevu, nikaziona ngazi kwa mara ya kwanza tangu nianze kukitumia kibebeo hicho, ingawa mikanda ya mabegani haichomoki na kile kimkanda cha kuiunganisha, hata nilipokishusha, hakikutosha kuizuia. Begi la madaftari, kama mkunga alivyobashiri, nilikuwa nalishika mkono wa kulia. Sasa madaftari ninayasahihishia shuleni kabla ya kuondoka, na maumivu yale ya upande mmoja yamekwisha. Uchovu wa kawaida wa kiuno bado ninao, lakini huo ni wa mlima.

Kanga nilifundishwa upya na mama mkwe, nikimsomea maelezo ya bibi kutoka kwenye simu huku yeye akicheka na kusema kwamba ndivyo alivyokuwa akiniambia. Hakuwa akiniambia, lakini nilinyamaza. Kwa kanga mbili mtoto hashuki. Fundo kwenye mfupa wa bega limemaliza kabisa kuvuja, ila bega hilo linachoka nikifika kwenye mwamba mkubwa ulio juu ya bomba la maji, hivyo kanga ninaitumia asubuhi ninaposhuka.

Jioni ninapanda na kibebeo cha kufunga. Fundi wangu wa hapa mtaani alikasirika kweli niliposimama mbele yake, nami nikamwambia lile neno la mto wa kochi, akacheka, akarudia kisanduku mara nne badala ya tatu. Goti hadi goti mtoto alikuwa na sentimita 29. Ndoo ililala kwenye boriti, mume wangu akalala macho akisikiliza kama itaanguka. Juzi nilipanda kutoka barabarani hadi mlangoni nikiwa nimesimama mara moja tu, na hapo ni kwa sababu ya kusalimiana na jirani.

Swali la mwisho kwa fundi: mtoto sasa ana kilo 7.9, na akikua, urefu wa sentimita 38 hautamtosha. Nishone kingine?

Fundi wa Cherehani

Si lazima. Mrudie fundi aongeze kipande cha sentimita 8 cha drili iliyovikwa kitenge kwa upande wa juu, juu ya mikanda ya mabegani, kiwe kama ulimi unaoweza kukunjwa nje. Mtoto akiwa mdogo kinakunjwa, akilala kinanyanyuliwa kimshike kichwa, akirefuka kinakaa wazi. Ila mwambie asiiguse mishono ya mikanda wakati anakiweka.